Vigari vidogo vilivyowatoa jasho wakubwa wa Safari Rally

Haya wasomaji, leo tunaweka kompyuta kando kidogo. Si mbali sana, maana mtaona mambo ya programu yananifuata hata nikiandika habari za magari. Nataka tuzungumze juu ya vigari vidogo: vile vya bei nafuu, vyenye injini ambayo mtu mwenye Prado huitazama na kucheka. Ukitaja Safari Rally, wengi hukumbuka Celica, Lancer na Subaru Impreza za buluu. Tunasahau kwamba mbio hii ilizaliwa ikiwa mbio ya magari ya kawaida ya dukani, na kwamba katika miaka yake ya mwanzo magari madogo yalishinda mara nyingi kuliko unavyodhani.

Dai langu nalisema mapema ili tusipotezeane wakati. Ukitaka kujua nani atashinda mbio, usianze na injini. Anza na jinsi alama zinavyohesabiwa, halafu tazama barabara. Injini ni ya tatu. Wenzangu mnaopima kasi ya programu mnalijua hili: badilisha kipimo, na mshindi anabadilika bila mtu yeyote kugusa mstari mmoja wa kodi.

Hadithi inaanzia hapa hapa Bonde la Ufa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walowezi waliopenda magari walikuwa wakishindana Langa Langa, upande wa Gilgil, wakizunguka njia ile ile mara kadhaa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika binamu yake Neil Vincent aje kushindana huko, naye akakataa. Kuzungushwa mahali pamoja kulimchosha hata kabla ya kuanza. Kama kungekuwa na mbio ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, alisema, hiyo angeingia. Wazo likashika. Mwezi Mei 1953 ikafanyika Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sasa sikilizeni kanuni, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari hapa Afrika Mashariki, si kwa ukubwa wa injini. Yaani swali halikuwa "gari gani lina kasi zaidi duniani?" Swali lilikuwa: ukiwa na pesa kiasi hiki, ni gari gani litakalokufikisha na kukurudisha? Hilo ndilo swali la mnunuzi. Mwaka 1958 waandaaji hawakutangaza hata mshindi mmoja wa jumla, bali kila daraja lilipata wake.

Lakini tusijidanganye kwamba mbio hiyo ilikuwa ya kila mtu. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Mwafrika wa kawaida alihitaji kipande na kibali kutembea sehemu nyingi ambazo walowezi walikuwa wakizipita kwa mbio. Na mimi ninayeandika nikiwa Olenguruone siwezi kuliruka hili. Kuanzia 1941 serikali ya kikoloni ilileta hapa familia za Wakikuyu zilizoondolewa kwingineko, ikawawekea masharti ya kilimo waliyoyakataa, na watu wakala kiapo cha umoja. Wanahistoria wengi wanakiona kiapo cha Olenguruone kuwa mojawapo ya chemchemi za vita vya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakipelekwa Yatta. Miaka mitatu baadaye, wengine wakawasha injini zao Nairobi kwa ajili ya sherehe. Nchi ni ile ile, tope ni lile lile. Tuendelee.

Kwenye orodha ya washindi, mstari wa kwanza kabisa, 1953, unamtaja Alan Dix, na gari lake ni Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe. Mwaka 1954 ikashinda tena, ikiendeshwa na Vic Preston pamoja na D.P. Marwaha. Ikashinda tena 1957, na tena 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Volkswagen ya 1953 ilikuwa na injini ya cc 1131 na nguvu farasi 25. Ndiyo, ishirini na tano! Siku hizi kuna pikipiki inayobeba unga sokoni yenye zaidi ya nusu ya nguvu hizo.

Iliwezaje? Tazama barabara. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 700 na kitu, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma. Kwenye tope hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu farasi. Gurudumu lisilo na uzito juu yake linazunguka bure na kujichimbia kaburi, lakini lenye uzito linashika. Na gari zima likiwa jepesi, halizami sana, na likizama watu wawili wanalitoa bila kungoja trekta. Chini yake palikuwa bapa kama sinia, kwa hiyo liliteleza juu ya matuta ya tope ambayo gari jingine lingeyakumbatia kwa ekseli. Injini ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani. Kila kitu ambacho hakikuwepo hakingeweza kuharibika.

Niruhusuni nivuke bahari kidogo, kwa sababu Marekani, nchi ya magari marefu kama mashua, nako kulikuwa na kisa cha aina hii hii karibu wakati ule ule. Powel Crosley, tajiri wa redio kutoka Cincinnati, alianza kuuza kigari cha bei rahisi mwaka 1939. Baada ya vita alikitia injini ya silinda nne yenye cc 724 tu. Toleo la kwanza la injini hiyo lilikuwa la mabati ya chuma yaliyoungwa kwa shaba, jepesi ajabu, lakini lilikuwa likiliwa na kutu kutoka ndani, na mwaka 1949 likabadilishwa kuwa la chuma cha kumimina. Wamarekani hawakulitaka gari lenyewe, na kiwanda kikafunga kazi ya magari mwaka 1952. Injini ndiyo waliyoipenda. Vijana waliing'oa, wakaichonga, wakaiongezea kabureta na kuitia kwenye vigari vya mbio walivyojitengenezea nyuma ya nyumba. Tarehe 31 Desemba 1950 kulikuwa na mbio ya saa sita huko Sebring, Florida, na mshindi akawa Crosley Hot Shot. Lilizishindaje injini kubwa? Alama zilihesabiwa kwa kulinganisha umbali ambao gari limeenda na umbali ambao lilitazamiwa kwenda kwa ukubwa wa injini yake. Mnaona? Kipimo tena. Sebring walipima kwa cc, Nairobi wakapima kwa shilingi. Mimi naona kipimo cha Nairobi kilikuwa cha haki zaidi, kwa sababu cc unaweza kuzidanganya (tutafika huko), lakini bei kila mtu anaijua.

Turudi nyumbani. Mwaka 1956 yule yule Eric Cecil aliyeanzisha mambo alishinda akiwa na Tony Vickers katika DKW ya Ujerumani, yenye cc 896 na silinda tatu, injini ya mipigo miwili kama ya msumeno wa kukatia miti. Gari liliitwa 3=6, kwa sababu silinda tatu za mipigo miwili zinawaka mara nyingi sawa na silinda sita za mipigo minne. Mimi kama mwandishi wa programu naipenda injini hii kupita kiasi. Haina vali, haina kamshafti. Sehemu zake kuu zinazosogea ni saba: pistoni tatu, konrodi tatu na krenki moja. Basi! Laiti programu ninazorithi kutoka kwa wengine zingekuwa hivyo.

Ila urahisi huo una gharama yake. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Sasa fikiria unashuka mteremko mrefu kama huu wa Mau, umetoa mguu kwenye eksileta. Petroli haiji, kwa hiyo oili nayo haiji, na injini inazungushwa kwa kasi ikiwa kavu. Wenye DKW na Saab waliliponya jambo hilo kwa kifaa kinachoachanisha injini na magurudumu ukiacha kukanyaga. Injini inapona, lakini wewe sasa unashuka mlima bila msaada wa gia, kwa breki peke yake. Waliozoea kuteremka na mzigo wa viazi wanajua hiyo maana yake nini.

Msweden Erik Carlsson alilimudu jambo hilo kuliko wote, katika Saab 96 yenye injini ya aina ile ile, cc 841. Mwaka 1963 alikuwa akiongoza Safari mpaka akagonga muhanga usiku. Mwaka huo magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1964 akamaliza wa pili, nyuma ya Peter Hughes katika Ford Cortina. Inasimuliwa kwamba katika mbio hiyo yeye na msaidizi wake Gunnar Palm walikwama topeni, wakalipindua gari makusudi, likaviringika juu ya paa hadi pakavu, wakaendelea na safari. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, Carlsson akalipindua tena mbele yao. Hilo halifanyiki na gari la tani mbili. Na kabla yake, 1962, Pat Moss wa Uingereza alikuwa amemaliza wa tatu katika Saab kama hiyo, mwaka ambao madereva wanawake walikuwa bado wakiandikwa magazetini kama kichekesho.

Kwa Joginder Singh nitapita haraka, ingawa anastahili makala yake mwenyewe. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, jirani yetu tu hapa chini, akajifunza ufundi gereji. Mwaka 1965 alishinda yeye na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda. Mtumba! Mwaka 1974 na 1976 akashinda tena katika Mitsubishi Lancer ya cc 1600, gari ambalo karani wa benki angeweza kulinunua.

Baada ya hapo viwanda vikubwa vilikuja na pesa zao: magari yaliyoundwa kwa ajili ya mbio, malori ya vipuri, mwishowe helikopta ya kuangalia ng'ombe barabarani. Kipimo cha bei kilikuwa kimekwisha zamani, na madaraja yakawa ya cc. Hapo ndipo hesabu za ujanja zikaanza.

Injini yenye turbo hushindiliwa hewa, kwa hiyo cc zake chache hufanya kazi ya nyingi. Wakuu wa mbio duniani wakasema: ukitumia turbo, cc zako tunazizidisha kwa 1.4 kabla ya kukupangia daraja. Wajapani wa Daihatsu wakachukua kikokotoo. Daraja dogo lilikuwa na mwisho wa cc 1300, na 1300 ukiigawa kwa 1.4 unapata 928 na ushei. Basi mwaka 1984 wakatoa Charade 926 Turbo, injini ya cc 926, ambayo ukiizidisha unapata 1296. Wamebakiza cc nne tu! Ukimwonyesha mtu wa kompyuta kanuni yenye mwanya, ndivyo atakavyofanya, na ndiyo maana nilisema cc zinadanganyika. Baadaye kizidisho kikapandishwa hadi 1.7.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa tambarare hawalifikirii: mwinuko. Kwenye mita 2,500, na Mau ina sehemu zinazozidi hapo, hewa imepungua uzito kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini ya kawaida inavuta pumzi ya mgonjwa, nguvu zake zinapungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Injini inayoshindiliwa hewa na turbo inapoteza pungufu ya hapo, yaani inaumia kidogo kuliko wenzake. Kwa hiyo kigari cha turbo kikipanda Bonde la Ufa, pengo kati yake na injini kubwa isiyo na turbo linafumbika.

Haya, twende 1993, mwaka ninaoupenda kuliko yote. Toyota walikuja na Celica za injini ya lita mbili, turbo, zikisukuma magurudumu yote manne, na wakachukua nafasi nne za kwanza: Juha Kankkunen, Markku Alén, Ian Duncan wetu, na Yasuhiro Iwase. Nyuma yao, nafasi ya 5, ya 6 na ya 7, zilifuatana Daihatsu Charade tatu. Injini ya Charade hizo ilikuwa ya cc 993, silinda tatu! Ni kweli kwamba timu nyingine kubwa hazikuja kwa nguvu mwaka huo, na mpinzani wa Toyota alikuwa barabara yenyewe. Lakini barabara ndiyo iliyokuwa ikiwaondoa watu kila mwaka, na Charade hazikuondolewa.

Na bado hatujafika kwa mdogo wao. Subaru walileta Vivio, kigari cha daraja lile la Kijapani ambalo sheria tangu 1990 inalibana lisizidi cc 660, na kwa wakati ule lisizidi urefu wa mita 3.3 na upana wa mita 1.4. Ukisimama kando yake, paa linakufika kifuani. Lakini ndani ya Vivio RX-R mlikuwa na silinda nne, vali 16 na kishindilia-hewa kinachoendeshwa na krenki, likisukuma magurudumu manne, nguvu farasi 64 katika gari la kilo 700 hivi. Injini ni ya cc 658, zidisha kwa 1.7 upate 1118, daraja dogo bila wasiwasi. Zilikuja tatu. Moja alipewa kijana wa Uskoti aitwaye Colin McRae, ambaye baadaye alishinda Safari mara tatu. Alikimbia nayo kama aliyeibiwa, na hakumaliza. Nyingine aliendesha Masashi Ishida. Ya tatu ilikuwa ya Patrick Njiru, Mkenya, naye alimaliza, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Mwaka uliofuata Subaru walimpa Impreza akamaliza wa 4. Watu humkumbuka kwa ile Impreza. Mimi namkumbuka kwa Vivio, kwa sababu kumaliza Safari ile, ya maelfu ya kilomita, na tairi zinazokaribia za mkokoteni, kunataka mtu anayeisikiliza gari.

Safari ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na ilipata makao Naivasha, ndani ya kaunti yetu ya Nakuru. Kati ya 2022 na 2024 magari ya daraja la juu yalikuwa na nguvu farasi zaidi ya 500, yakisaidiwa na mota ya umeme. Ni raha kuyatazama, sikatai. Lakini kijana wa Olenguruone anayatazama kama anavyotazama roketi. Hakuna kitu ndani yake atakachofungua kesho gereji.

Wakati huo huo, kijana huyo tayari ni fundi wa magari madogo. Huku kwetu kuna Probox ambazo zimeinuliwa kwa spesa, zikafungwa springi ngumu nyuma, zikawekwa sahani ya chuma chini ya injini na tairi za kucha. Zinabeba watu na viazi kwenye barabara za ndani ambazo malori yanazama. Hiyo ni kazi ile ile ya vijana wa Crosley, tofauti ni kwamba hapa mtihani ni wa kila siku. Na wanapotaka kujua ni nani aliyeifunga gari yake vizuri zaidi, hawana uwanja, wanakwenda kwenye lami pamoja na wanafunzi na bodaboda. Matokeo yake tumeyazika.

Ndiyo maana ningependa kile kipimo cha 1953 kirudi, angalau kwa mbio za wilayani. Wafini wana mbio wanazoziita jokamiehenluokka, maana yake daraja la kila mtu, na kanuni yake ni fupi kuliko zote nilizosoma: kila gari linalokimbia lina bei moja iliyowekwa, na mbio zikiisha, mtu akitaka kulinunua kwa bei hiyo, mwenyewe hana ruhusa ya kukataa. Hakuna haja ya wakaguzi wa kufungua injini. Ukitumbukiza pesa nyingi kuliko bei, jirani yako anaondoka nayo kwa bei ya kutupa. Huo ndio usimamizi ninaouelewa: kanuni moja, na udanganyifu unajilipia faini wenyewe.

Shamba la kukimbilia tunalo, viazi vikishang'olewa. Gari la kubeba wagonjwa na watu wa bima ni mazungumzo ya kweli, na yataanza na chama cha mbio za magari, si na sisi wa stejini. Lakini kabla ya hapo kuna bei ya kuamua. Ukiiweka chini sana, watu wataleta vyuma vilivyooza, breki zake za kubahatisha. Ukiiweka juu, mwenye kaduka atawanunulia vijana magari na kuwageuza madereva wake. Nimejaribu kuipiga hesabu kwa bei za Vitz na Probox kuukuu zinazouzwa Molo na Nakuru, na kila mara namba inaangukia mahali tofauti. Mwenye hesabu bora aniandikie.